Leza Tatu na Vumbi la Geita

Mpwa wangu anaendesha dampo katika mgodi wa wazi mkoani Geita, yale malori ambayo tairi lake moja limempita dereva kimo. Hivi karibuni alinipigia simu akitoka shifti ya usiku.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Kwema huko?"

Kwema, ila kulikuwa na jambo. Kwenye kundi lao la WhatsApp limepita tangazo: msichana anavunja miwani kwa mikono miwili huku anacheka, na chini yake majina matatu kwa herufi kubwa, LASIK, PRK na SMILE, kila moja na bei yake. Mpwa wangu amevaa miwani tangu kidato cha pili na amechoka nayo. Alitaka kujua ipi kati ya hizo tatu ni bora, na kama ningeweza kumkopesha nusu ya fedha.

"Si wewe ulifanya, mjomba? Nitajie tu iliyo nzuri nilipie."

La mkopo tulilimaliza palepale. Lile la kwanza nilimwomba anipe muda, maana kila nilipotaka kulijibu kwa jina moja nilimkumbuka mtu fulani ambaye jina hilo lisingemfaa.

Wa kwanza kumkumbuka hakuwahi hata kusikia neno leza. Nilikulia kijijini, si mbali na mji wa Shinyanga, katika miaka ya 1980 na 1990, enzi ambazo mtu alitembea mwendo mrefu bila kupata mti wa kupumzikia. Miti ilikuwa imekatwa kwa vizazi, kwanza kuwafukuza mbung'o, kisha kupata mashamba ya pamba na malisho. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa HASHI kurudisha uoto na kufufua ngitili, yaani hifadhi zetu za asili za malisho, lakini mti hauoti kwa tangazo la Serikali. Jikoni kwa bibi zetu kuni zilikuwa mashina ya pamba na samadi ya ng'ombe iliyokaushwa juani. Moshi wake ni mzito na unachoma. Mama aliyepika katika moshi ule tangu usichana, akifika uzeeni macho yake yalikuwa mekundu, kope zimevimba, machozi hayakatiki.

Aliyekulia Usukumani anajua macho mekundu yalimaanisha nini kwa watu wenye nia mbaya. Jirani yetu mmoja, bibi mjane, alihamishwa na wanawe usiku baada ya maneno kuanza kilabuni kwamba yeye ndiye anayeua watoto kwa uchawi. Huyo alipona. Wapo vikongwe waliokatwa mapanga kwa macho kama yale, na magazeti ya miaka hiyo yaliandika hadi tukazoea, jambo ambalo ni aibu yetu sote. Macho ya bibi yule yalihitaji dirisha jikoni na dawa ya kituo cha afya. Watu walikuwa wametoa hukumu kabla ya mtu yeyote kuuliza yanaumwa nini. Miaka yote iliyofuata, kila niliposikia mtu ana suluhisho la macho mkononi kabla hajayatazama macho yenyewe, nilimkumbuka.

Mimi shida yangu ilianza sekondari. Ubao ulikuwa unafifia mwaka hadi mwaka. Nilinakili kutoka daftari la jirani, na mwalimu akanihesabu miongoni mwa wavivu. Aliyeokoa jahazi ni shangazi yangu, aliyegundua kwamba siwatambui watu barabarani mpaka waniamkie. Akanipeleka Kolandoto, hospitali ya kanisa la AIC iliyo nje kidogo ya mji, ambako watu wa Shinyanga wamepeleka macho yao tangu enzi za wamisionari. Nilivalishwa ile fremu nzito ya majaribio, vioo vikawa vinabadilishwa kimoja kimoja. Nilipogeuka dirishani niliona kwamba vile vidoa vya kahawia juu ya majabali ya mbali vilikuwa pimbi wanaoota jua. Nilikuwa nimepita chini ya majabali yale mara nyingi nikidhani ni ukoga.

Mpimaji alinieleza jambo ambalo baadaye lilinisaidia kuliko matangazo yote. Jicho langu ni refu kidogo kuliko inavyotakiwa kutoka mbele kwenda nyuma. Mwanga unaoingia unakutana kabla ya kufika kwenye retina, utando ulio nyuma ya jicho unaopokea picha, kwa hiyo picha inayofika ni ukungu. Miwani inausogeza ule mkutano nyuma. Leza nayo kazi yake ni hiyohiyo kwa njia nyingine. Hairefushi wala kufupisha jicho, ila inapunguza unene wa konea, kile kioo hai kilicho mbele ya mboni, ili mpindo wake upungue. Basi. Leza zote tatu zilizo kwenye tangazo la mpwa wangu zinachonga konea, na tofauti yao ni namna ya kuifikia nyama ya ndani ya konea hiyo.

Ukilielewa hilo, unaelewa pia ni nani wasiohusika nayo kabisa. Kwaya yetu iliwahi kwenda Shule ya Buhangija, pale Shinyanga mjini, inayopokea watoto wasioona, viziwi na wenye ualbino. Ilikuwa ile miaka ya mauaji ya watu wenye ualbino katika mikoa yetu, na watoto walikuwa wameletwa pale kwa wingi ili wawe salama, vitanda vimebanana. Mvulana mmoja alinisomea kitabu cha Kiswahili akiwa amekigusisha puani, macho yake yakicheza kushoto na kulia bila kutulia. Alisoma vizuri, haraka kuliko wengi. Nikamwambia mwalimu wake kwamba mtoto huyu akipata fedha za kufanyiwa leza atakaa sawa. Mwalimu, mama mpole, alitabasamu. Akanieleza kwamba tatizo la mtoto haliko mbele ya jicho. Kwa watu wenye ualbino sehemu ya katikati ya retina haikukua ipasavyo, na rangi inayozuia mwanga mkali ni pungufu au haipo. Miwani humsaidia kiasi. Kinachomsaidia zaidi ni kukaa dawati la mbele, kitabu cha maandishi makubwa, darubini ndogo ya mkononi ya kusomea ubao, na kofia pana. Ungeweza kumchonga konea kwa mashine ya bei kubwa kuliko zote duniani na tatizo lile lingebaki palepale.

Geita nilifika kwa kazi. Niliajiriwa na kampuni ya utafiti wa madini kama msaidizi wa wajiolojia, kazi ya kupanga na kuandika vijiti vya mwamba vinavyotoka kwenye mashine ya kuchoronga. Hiyo ni kazi ya macho. Unapita mita baada ya mita ukitafuta mshipa mwembamba wa kwatzi, chembe za pairaiti, rangi iliyobadilika kidogo. Na Geita wakati wa kiangazi ni vumbi. Vumbi jekundu linaingia kwenye chai, kwenye shuka, kwenye bawaba za miwani.

Kampuni ilikuwa na miwani ya usalama ya aina moja tu, ya plastiki, isiyo na namba. Sisi tuliovaa miwani ya macho tuliambiwa tuipachike ile ya usalama juu yake. Jaribu kuivaa hivyo saa sita mchana. Jasho linapanda, vioo vinne vinaingia ukungu, unavifuta kwa shati lenye vumbi, vinachubuka. Wenzangu wengine waliishia kuvaa moja kati ya hizo mbili: ama waone bila kinga, ama wajikinge bila kuona. Nilimwuliza msimamizi kama tunaweza kupata miwani ya usalama iliyotengenezwa kwa namba zetu. Akasema bajeti haina kifungu hicho.

Nikajaribu lenzi za kuweka juu ya jicho. Nilizinunua Mwanza, nikafundishwa kuzivaa na kuzivua. Kwa mtu wa ofisini zinaweza kuwa jibu. Kambini, ambako maji ya kunawa yalitoka kwenye pipa na chembe ya vumbi ikiingia chini ya lenzi unahisi umewekewa changarawe, zilinishinda mapema. Daktari aliyenitazama wekundu ulipozidi aliniambia maneno makali kuhusu maji ya pipa na vijidudu vinavyoila konea, nikaziacha.

Ni wakati huohuo nilipoanza kuiona konea kwa heshima. Siku za mapumziko tulikuwa tukipita kwa wachimbaji wadogo upande wa Nyarugusu na Rwamgasa, kwenye mialo ambako mawe yanasagwa kwa karasha na vijana wengine wanayapasua kwa nyundo wakiwa wamekaa chini, macho wazi. Mmoja wao alikuwa na doa jeupe katikati ya jicho la kulia. Kipande cha jiwe kilimrukia. Rafiki yake alikitoa kwa ncha ya kitambaa, kisha mtu mwingine akamwekea majani yaliyotafunwa. Kilichokuwa mkwaruzo kikawa kidonda, kidonda kikaacha kovu. Konea ina unene wa takriban nusu milimita tu, na haina akiba ya kuchezewa.

Mwaka 2013, mwaka mmoja baada ya Geita kuwa mkoa, nilipanda basi Mwanza kwenda Nairobi kupitia Sirari. Nilikuwa na akiba yangu na nilikuwa nimeshaamua ninachokwenda kununua. Mama yangu, ambaye hesabu zake zote huishia mnadani, alikuwa ameigeuza ile bei kuwa ng'ombe na hakupendezwa na jibu. Mimi nilitaka LASIK, kwa sababu ndilo jina nililolisikia.

Kliniki niliyofikia haikuniuliza ninataka nini. Walinipima kwanza, na upimaji uliniletea mambo ambayo sikuyatarajia. Unaweka kidevu kwenye kiegemeo, unatazama duara za mwanga, mashine inachora ramani ya konea kwa rangi. Unapimwa unene wake. Unapimwa mboni inatanuka kiasi gani gizani. Unawekewa matone ili retina itazamwe kwa nyuma. Unapimwa machozi kwa kikaratasi kinachoning'inizwa kwenye kope. Mle kwenye benchi tulikuwa wanne wenye macho ya kutosha kuandikia kitabu.

Binti wa chuo kutoka Kampala alikuwa na konea nene na namba ndogo. Yeye aliambiwa LASIK itamfaa bila wasiwasi. Kijana kutoka Kisumu alikuwa na mzio wa macho tangu utotoni, ule muwasho unaowasumbua watoto wengi wa Afrika Mashariki, na alikuwa amezoea kuyasugua kwa ngumi. Ramani yake ilionyesha konea inayochongoka na kuwa nyembamba kwa chini. Kwake leza ya aina yoyote kati ya hizi ingekuwa hatari, kwa sababu inapunguza nyama pale ambapo tayari haitoshi. Alipewa rufaa ya tiba nyingine, ya matone ya vitamini B2 na mwanga wa urujuanimno, inayoikaza konea isiendelee kuchongoka. Alitoka na hasira, na sidhani kama siku ile alijua alivyonusurika. Mzee mmoja mfanyabiashara kutoka Goma alitaka kuachana na miwani ya kusomea. Kumbe ugonjwa wa mtoto wa jicho ulishaanza, na alichohitaji ni kubadilishiwa lenzi ya ndani ya jicho. Konea yake haikuwa na kosa lolote.

Zamu yangu ilipofika, daktari alichukua risiti yangu, akaigeuza na kuandika hesabu kwa kalamu nyuma yake. Konea yangu ilikuwa na unene wa mikroni 490, wakati ya watu wengi ni karibu 540. Kwa LASIK anakata kifuniko cha mikroni 110. Namba yangu inahitaji leza ile mikroni 80 hivi. Akaandika 490, akatoa 110, akatoa 80. Zikabaki 300.

"Hapa niko ukingoni," akasema. "Chini ya mia mbili hamsini hatuendi kabisa, na mimi binafsi napenda mia tatu na zaidi. Kazi yako ni ipi?"

Nikamweleza: kuchoronga, vumbi, mawe, kofia ngumu.

"Basi kwako ni PRK. Utaumia zaidi, utachelewa zaidi, lakini nitakuachia konea yenye nguvu na hakutakuwa na kifuniko cha kusogezwa na jiwe."

Hizo mbili ziko hivi. Katika LASIK, kifuniko chembamba kinakatwa kwenye konea kwa kisu maalumu au kwa leza ya kwanza, kinaachwa kimeshikilia upande mmoja, kinainuliwa kama ukurasa wa daftari, leza ya pili inachonga nyama iliyo chini, kisha ukurasa unarudishwa. Kwa kuwa ngozi ya juu haikuguswa sana, maumivu ni ya saa chache na kesho yake mtu anaona. Katika PRK hakuna kifuniko. Ile ngozi nyembamba ya juu, yenye mikroni 50 hivi, inalegezwa kwa kimiminika cha spiriti na kukwanguliwa, leza inachonga juu kabisa, na ngozi inaachwa iote upya chini ya lenzi laini inayowekwa kama bandeji. Inaota ndani ya siku tatu hadi tano. Hizo siku ndizo za kulipia.

Siku ya upasuaji nilitiwa matone ya ganzi, kope zikashikiliwa, nikaambiwa nitazame taa ya kijani. Nilisikia mlio wa haraka wa kutatarika na harufu ya nywele zilizoungua. Chini ya dakika moja jicho likawa limekwisha. Usiku ule kwenye nyumba ya wageni ganzi ilipoisha, nilikaa gizani nimefunika kitambaa, machozi yakimwagika, nikihisi vitunguu vya soko zima vimekatiwa puani mwangu. Binti wa Kampala nilimkuta kliniki kesho yake asubuhi akisoma herufi za mstari wa chini kwa sauti, kama mtoto wa chekechea. Mimi mstari wa juu ulikuwa umande. Nilimwonea wivu, nisiseme uongo. Daktari alinituliza kwamba baada ya miezi mitatu matokeo yetu yatakuwa karibu sawa, na ndivyo tafiti nyingi zilizolinganisha njia hizo mbili zinavyoonyesha. Ilikuwa kweli. Uoni wangu ulipanda taratibu, na kwa miezi hiyo nilivaa miwani ya jua kila nilipotoka nje, kwani jua kali linaweza kuchochea ukungu mweupe kwenye konea iliyofanyiwa PRK. Jua la Kanda ya Ziwa halihitaji maelezo.

Baadaye, nilipoweza kusoma tena, nilitafuta chanzo cha mambo haya na nikafurahi kwamba hayakuanzia kwenye matangazo. Daktari José Ignacio Barraquer, aliyefanya kazi Bogotá, Kolombia, alianza mwishoni mwa miaka ya 1940 kuwaza kwamba badala ya kumvalisha mtu lenzi unaweza kuchonga lenzi yake mwenyewe. Alikata kipande cha konea, akakigandisha kwa baridi, akakichonga kwa mashine, akakirudisha. Moscow katika miaka ya 1970 Svyatoslav Fyodorov aliifanya konea ilale kwa kuichanja mikato ya kutoka katikati kwenda pembeni, na wengi wa waliochanjwa waligeuka kuwa watu wasioona karibu kadiri miaka ilivyopita. Leza yenyewe iliingia kwa mlango wa uani. Mwaka 1981 Rangaswamy Srinivasan, mwanakemia mzaliwa wa India aliyekuwa akifanya kazi IBM kule New York, alichukua mabaki ya bata mzinga wa sikukuu ya Shukrani akayapeleka maabara na kuyapiga kwa leza ya urujuanimno. Ilikata nyama na mfupa kwa usafi, bila kuunguza pembeni. Daktari Stephen Trokel akaipeleka kwenye jicho, na mwaka 1988 Marguerite McDonald akafanya PRK kwa jicho lililokuwa likiona. Ioannis Pallikaris wa Krete aliunganisha kifuniko cha Barraquer na leza hiyo karibu na mwaka 1990, ikazaliwa LASIK. Kwa hiyo PRK, ambayo matangazo huipanga mwisho kana kwamba ni ya kizamani, ndiyo kaka mkubwa, na bado ndiyo ngao ya mwenye konea nyembamba.

Maneno ya daktari kuhusu kifuniko niliyaelewa vizuri zaidi kupitia mwenzangu kazini. Alifanyiwa LASIK India, akarudi anaona kama tai, akanicheka kwa mateso yangu. Miaka kadhaa ikapita. Siku moja, akiwa mjini Katoro, alikuwa amembeba mwanawe mchanga, mtoto akamchoma kidole jichoni. Kifuniko kikateleza na kukunjamana. Tulimpeleka Mwanza usiku, na kutoka pale akaenda mbali zaidi, ambako kilinyooshwa na kurudishwa. Anaona leo, ila anasema taa zina kivuli. Haya ni nadra, lazima niseme. Mamilioni ya watu duniani wamefanyiwa LASIK na wanawabeba watoto wao bila taabu. Lakini kile kifuniko hakirudi kuungana na konea kwa nguvu ya mwanzo, hata baada ya miaka, na mtu wa ndondi, wa jeshi au wa mashimo ya wachimbaji anastahili kuambiwa hivyo kabla ya kulipa.

SMILE, ile ya tatu, ilitoka Ujerumani mikononi mwa akina Walter Sekundo, na Marekani iliiruhusu mwaka 2016. Mimi nilipokwenda Nairobi haikuwa miongoni mwa nilizopewa. Inatumia leza moja tu, ile ya mapigo mafupi mno, kila pigo la femtosekunde, yaani sekunde iliyogawanywa kwa bilioni, kisha kila sehemu ikagawanywa tena kwa milioni. Leza hiyo inachora kipande cha lenzi ndani ya konea bila kuifungua. Daktari anakitoa kipande hicho kupitia mkato wa milimita 2 hadi 4 pembeni. Hakuna kifuniko, maumivu ni madogo, na kwa kuwa mishipa ya fahamu iliyokatwa ni michache, macho hukauka kidogo kuliko baada ya LASIK. Kwa mtu wa vumbi hilo si dogo. Upungufu wake ni kwamba imetengenezwa hasa kwa wasioona mbali, uoni wa siku za mwanzo hupanda polepole kuliko wa LASIK, na ikibaki namba ya kurekebisha, mara nyingi inabidi kuimalizia kwa PRK. Ukiniuliza kwa mtu wa mgodini mwenye konea ya kutosha, nitaiweka mbele ya LASIK. Kwa karani wa benki Shinyanga mwenye namba ndogo na konea nene, sioni sababu ya kumzuia asichague LASIK na kurudi kazini mapema.

Nilimpigia mpwa wangu na badala ya jina nikamrudishia maswali. Namba yako imetulia? Hakujua, mara ya mwisho alipimwa kabla ya kuolewa. Unaendesha usiku zaidi au mchana? Usiku, mara nyingi. Hapo nikamweleza kuhusu duara za mwanga. Gizani mboni inatanuka, na ikitanuka kupita eneo lililochongwa, kila taa inavaa pete. Hilo linaweza kumpata mtu katika njia zote tatu, na kwa dereva wa dampo anayeshuka shimoni usiku akikutana na taa za wenzake, ni swali la uhai. Mtoto bado ananyonya? Akacheka. "Ananyonya mjomba, tena usiku kucha. Hilo nalo linahusiana vipi na macho?"

Linahusiana. Ujauzito na unyonyeshaji huweza kuyumbisha namba ya macho na unyevu wake, na daktari makini hachongi konea kwa namba inayoyumba. Alikwenda kupimwa Mwanza wiki iliyofuata. Konea zake ni nene kuliko zangu, mzio hana, mboni zake gizani zinatanuka sana. Namba ya jicho la kushoto imepanda. Ameambiwa amwachishe mtoto kwanza, apite miezi kadhaa, apimwe tena mara mbili kwa nafasi, ndipo wazungumze. Daktari pia alimwambia, na mimi nilikuwa nimesahau kulitaja, kwamba leza haitamwepusha na miwani ya kusomea atakapovuka miaka arobaini. Mimi nina 44. Barabarani namsoma kondakta usoni akiwa mbali, lakini ujumbe wa simu nausoma kwa miwani niliyoinunua dukani Shinyanga.

Habari njema ni nyingine. Mwajiri wa mpwa wangu, tofauti na yule wangu wa zamani, humtengenezea mfanyakazi miwani ya usalama yenye namba yake akileta cheti cha kipimo. Mpwa wangu hakuwa akijua, hakuna aliyemwambia. Sasa anayo, ina kinga ya pembeni, haiingii ukungu, na simu za kuniomba mkopo zimepungua. Mimi ningeipata miwani kama ile pale kambini, sijui kama ningepanda lile basi la Nairobi.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wenye migodi, wakubwa kwa wadogo, na kwa wenye mialo na makarasha kuanzia Kakola hadi Nyarugusu: pimeni macho ya watu wenu kila mwaka, na anayehitaji mpeni miwani ya usalama yenye namba yake. Anayetaka leza baada ya hapo aende, akiwa na ramani ya konea yake mkononi.